OK: mzaha wa gazeti la Boston uliopata kazi

Asili ya OK si fumbo tena. Jibu limekuwapo tangu miaka ya 1960, na lina tarehe, jina la gazeti na hata ukurasa. Hata hivyo hadithi za Kigiriki, za biskuti za askari na za karani aliyetia herufi za jina lake kwenye mizigo bado zinasambazwa kana kwamba hakuna aliyewahi kuchunguza. Tuanze na kilichochapishwa. Baadaye tuje kwenye swali gumu zaidi ambalo hadithi hizo hazilijibu hata kidogo: kwa nini mzaha wa kupita ukadumu karibu karne mbili.

Tarehe ni 23 Machi 1839. Siku hiyo gazeti la Boston Morning Post lilikuwa na aya ya kulitania gazeti la mji wa Providence. Mhariri wa Post, Charles Gordon Greene, alikuwa akizungumzia safari ya kikundi cha watani kilichojiita Anti-Bell-Ringing Society, kilichozaliwa na mabishano ya Boston kuhusu upigaji wa kengele za chakula. Suala lenyewe halina uzito wowote. Greene anasema mmoja wa kikundi akirudi kwa njia ya Providence, basi huenda mwenzake wa huko akamkaribisha na vizibo vya chupa vikaruka. Katikati ya sentensi hiyo anaandika "o.k.", kisha kistari, kisha "all correct", yaani yote sahihi.

Makala nyingi husema gazeti hilo liliandika "oll korrect". Siyo. Aya ya Greene ina herufi ndogo mbili zenye nukta, na ufafanuzi wake umeandikwa kwa tahajia safi kabisa. Tahajia ya kuharibiwa makusudi inapatikana katika machapisho mengine ya miaka hiyo. Kichekesho chenyewe kinakaa hapo hapo: neno la kwanza halianzi na O, la pili halianzi na K, na bado unaambiwa kila kitu ni sahihi.

Tangu mwaka wa 1838 waandishi wa Boston walikuwa wamelewa vifupisho. N.G. ilikuwa "no go", jambo lisilowezekana. G.T. ilikuwa "gone to Texas", kwa mtu aliyewakimbia wadai wake. S.P. ilikuwa "small potatoes", kwa mtu au kitu kisicho na maana. O.F.M. ilikuwa "our first men", wakubwa wa mji. Halafu likaja tawi la pili la mchezo huo, la kufupisha maneno yaliyoandikwa vibaya: K.Y. kwa "know yuse" badala ya "no use", na O.W. kwa "oll wright" badala ya "all right".

Hiyo O.W. ndiyo ya kutazamwa. Ina maana ileile na OK, imetengenezwa kwa ujanja uleule, na imezaliwa katika mji uleule. Ilikufa. Kwa hiyo anayesema OK ilidumu kwa sababu ni fupi, inatamkika vizuri au inachekesha anaeleza nusu tu ya jambo. Kilichoiokoa kilikuja mwaka uliofuata, na kilikuja kwa bahati.

Mwaka wa uchaguzi

Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea muhula wa pili. Alizaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Kinderhook, jimbo la New York, na wafuasi wake wakampa jina la Old Kinderhook, mzee wa Kinderhook. Mwezi Machi kikaundwa jijini New York kikundi cha wafuasi wa chama cha Democratic kilichojiita O.K. Club. Herufi zikawa na maana mbili kwa mpigo: mgombea wetu, na mambo yote shwari. Tarehe 27 Machi wanachama wake walivamia mkutano wa wapinzani wao wa chama cha Whig kwenye ukumbi wa Masonic Hall huku wakipaza herufi hizo, na magazeti hayakuhitaji zaidi ya hapo.

Whig nao hawakukaa kimya. Walizipa herufi hizo tafsiri za kumchoma Van Buren, mtu wa uchumi ulioporomoka: "out of kash", "out of kredit", "out of klothes", yaani hana fedha, hana mkopo, hana nguo. Wengine wakazigeuza kuwa K.O., "kicked out", amefukuzwa. Van Buren alishindwa vibaya na William Henry Harrison, kura 60 za wajumbe dhidi ya 234. Mgombea akaondoka, herufi zikabaki, kwa sababu kufikia Novemba nchi nzima ilikuwa imezisoma kwa miezi minane.

Katika kampeni hiyo ilizushwa dhihaka iliyowapoteza watafiti kwa zaidi ya miaka mia moja. Ilisemwa kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia Van Buren, hakujua kuandika, na kwamba alikuwa akiidhinisha karatasi za serikali kwa O.K. akidhani ndizo herufi za kwanza za "all correct". Ilikuwa porojo ya kisiasa. Lakini ilikuwa porojo nzuri, nayo ikawatuma watu kupekua karatasi za Jackson. Mwanahistoria mmoja wa Tennessee katika karne ya 19 alidhani ameupata ushahidi: kumbukumbu ya mahakama ya mwaka 1790, ambamo Jackson alithibitisha hati ya mauzo ya mtu aliyekuwa mtumwa, na ndani yake pakaonekana O.K. Hati ilipotazamwa upya ikawa O.R., yaani "order recorded", amri imeandikishwa. Mkia wa R wa mwandiko wa zamani ulikuwa umesomwa kama mguu wa K.

Aliyesafisha uwanja huu ni Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia. Mwaka 1941 alionyesha uhusiano wa neno hili na O.K. Club. Mwaka 1963 na 1964, katika mfululizo wa makala kwenye jarida la American Speech, akairudisha asili nyuma hadi 1839 na kuonyesha mazingira yote ya vifupisho vya Boston. Uzito wa kazi yake hauko kwenye mfano mmoja wa Greene. Uko kwenye mnyororo: mfano wa Machi 1839, mingine ya miezi iliyofuata katika magazeti mengine, kisha mafuriko ya 1840, bila pengo la kuzibwa kwa dhana.

Namna ya kupima hadithi ya asili

Hadithi nyingi za OK huanguka kwenye kizingiti cha kwanza, ambacho ni tarehe. Biskuti za Orrin Kendall zilizodaiwa kulishwa askari wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani ni za 1861 hadi 1865, zaidi ya miaka 20 baada ya Greene. "Zero killed" (0 K), ubao wa kambi usio na jina la aliyeuawa, nayo hutundikwa kwenye vita vilevile au vya baadaye zaidi. Obadiah Kelly, karani wa mizigo, hana hata hati moja ya kumtetea.

Kizingiti cha pili ni kufanana. Kigiriki kina "ola kala", yote mazuri. Kifini kina "oikea", sahihi. Waskoti wana "och aye", naam. Lugha za dunia ni nyingi na silabi mbili ni chache, kwa hiyo kufanana kwa aina hii kutapatikana kila mara mtu akiamua kutafuta. Kinachotakiwa ni njia: nani alilitamka kwa nani, wapi, na maandishi yapi ya kati yanaonyesha likihama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine.

Madai mawili yanastahili heshima zaidi ya hayo mengine. La kwanza ni la lugha ya Choctaw, ya wenyeji asilia wa Marekani, ambayo kweli ina kiambishi cha kukazia kauli kilichoandikwa na wamisionari kama "okeh". Kamusi ya Webster ya 1909 ililikubali dai hili, na Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" kwenye karatasi alizoidhinisha kwa kuliamini. La pili ni la lugha za Afrika Magharibi, hasa Kiwolofu chenye "waaw kay", ndiyo haswa, lililotetewa na mwanaisimu David Dalby kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Maneno yenyewe ni ya kweli, na watu waliobeba lugha hizo Marekani walikuwepo. Tatizo ni kwamba mifano ya kabla ya 1839 inayotolewa haifanyi kazi ya OK. Mfano wa Jamaika wa 1816 unaotajwa sana, "oh ki", ni mguno wa mshangao. Ni kweli pia kwamba maneno ya watu waliokuwa utumwani yaliandikwa kwa nadra, hivyo ukimya wa maandishi haufungi mjadala kwa nguvu ileile kama ungekuwa ukimya wa wahariri wa Boston. Ila mjadala kubaki wazi si ushahidi.

Ukitaka kupima mwenyewe neno lolote la namna hii, anza kwa kuiona picha ya ukurasa wa asili. Usiridhike na maandishi yaliyosomwa na kompyuta. Programu za kusoma picha hubadilisha C kuwa O, R kuwa K, na herufi O kuwa sifuri bila kuona aibu. Tafuta maumbo yote: "O.K.", "O. K." yenye nafasi, "o.k.", "OK". Maktaba ya Bunge la Marekani ina hifadhi ya bure ya magazeti ya zamani, Chronicling America, na humo utagundua haraka kwamba matokeo mengi ni herufi za majina ya watu kama "O. K. Fulani". Yaondoe. Kwenye Google Books angalia tarehe mara mbili, maana jarida lililojalidiwa kwa miaka mingi mara nyingi hupewa mwaka wa toleo lake la kwanza, na hapo neno la 1890 linaweza kuonekana la 1820.

Kisha soma sentensi nzima na ujiulize kama maana inakaa. Shajara ya safari ya William Richardson ya 1815 ina "ok" kati ya miji ya Princeton na Trenton, na kwa muda ilishangiliwa kama mfano wa kwanza kabisa. Lakini ukiisoma kama OK sentensi inavunjika: kituo, umbali, "ok", kisha "na" na kituo kingine. Inaelekea ni masalia ya neno lililorekebishwa kwa mkono. Mfano mmoja uliojitenga, wenye mwandiko wa utata, bila ndugu kwa miaka 24, hauhamishi kitu.

Tahadhari ya mwisho inakwenda upande wa pili. Kwa kawaida, ukiambiwa neno la Kiingereza la kabla ya karne ya 20 limetokana na herufi za kwanza za maneno mengine, kataa. Karibu zote ni hadithi zilizobuniwa baadaye. OK inavunja kanuni hiyo kwa sababu tunaweza kuonyesha kwamba mwaka 1838 na 1839, katika mji huo mahususi, kutengeneza vifupisho ndio ulikuwa mchezo wenyewe.

Kutoka mzaha hadi alama ya ukaguzi

Baada ya 1840 OK ingeweza kufa kama O.W. Iliajiriwa. Telegrafu ya Morse kati ya Washington na Baltimore ilizinduliwa Mei 1844, na kila mpiga telegrafu alihitaji ishara fupi ya kusema: nimepokea, nimesoma, sina shaka. Katika Morse ya Kimarekani ya wakati huo O ilikuwa nukta mbili zenye pengo kidogo katikati, na K ilikuwa mstari, nukta, mstari. Mipigo mitano, basi. Kanuni ya kazi ikawa kwamba ujumbe hauhesabiki kuwa umefika mpaka ofisi inayopokea irudishe OK. Maofisini ikaandikwa pembeni mwa ankara na hati na mtu aliyezikagua, na kufikia miaka ya 1880 ilikuwa pia kitenzi, kuidhinisha.

Hapa ndipo maana ya sasa ilipofinyangwa, na kwa maoni yangu hapa ndipo wengi wanapoisoma vibaya. Karani anayetia OK kwenye ankara hasemi ankara ni nzuri. Anasema ameipitia na hana pingamizi. Mtu wa telegrafu hasemi habari ni ya kufurahisha, inaweza kuwa habari ya msiba. OK ni kukubali kusiko na sifa ndani yake. Ukilishika hilo, kila kinachoonekana kama kupotoka kwa maana baadaye kinakuwa mwendelezo: "the food was OK" ni chakula kisicho na lawama wala sifa, na "are you OK?" haimuulizi mtu kama ana furaha, inamuuliza kama kuna kilichoharibika.

Walipotaka sifa, wasemaji walilazimika kuongeza kitu. Mei 1961, wakati wa safari ya Alan Shepard angani, msemaji wa NASA John Powers aliwatangazia waandishi "A-OK", na ikasambaa kama msemo wa Shepard ingawa haukutoka kinywani mwake. Miaka minane baadaye, chombo cha Apollo 11 kilipogusa mwezi, Buzz Aldrin alisema "Okay, engine stop". Hiyo ndiyo OK halisi ya kikazi: hatua moja imekwisha, twende ya pili.

Matumizi hayo ya kufunga hatua ni mengi sana katika mazungumzo, na ndiyo wanaojifunza Kiingereza wanayoyakosa. Wanasosholojia Emanuel Schegloff na Harvey Sacks, katika makala yao ya 1973 kuhusu namna mazungumzo yanavyomalizika, walionyesha kwamba "okay" iliyoshushwa sauti ni pendekezo la kufunga. Mmoja husema "okay", mwingine hujibu "okay", ndipo kwaheri hufuata. Ukiwa na jambo lililobaki, unalisema kati ya OK hizo mbili. Anayeichukua ile ya kwanza kama jibu la ndiyo, akaanza maelezo mapya marefu, huonekana hasikii. Sauti ikipanda, "okay?", inakuwa ombi la kuthibitisha kwamba umeelewa. Ikivutwa, "okaaay", ni shaka. Tahajia haionyeshi tofauti hata moja kati ya hizo.

Kwenye ujumbe wa simu pengo hilo la sauti limezaa ugomvi wa bure. "K" peke yake husomwa kama ukali au kuchoshwa, "kk" kama wepesi, na "OK." yenye nukta kama mlango uliobamizwa, hasa na vijana. Mwaka 2019 "OK boomer", ambayo vijana waliwaambia watu wa kizazi kilichozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, ilichukua ubaridi huohuo na kuugeuza silaha: nimekusikia, sina haja ya kukujibu. Mbunge Chlöe Swarbrick aliitumia katika bunge la New Zealand mwezi Novemba mwaka huo alipokatizwa akizungumza.

OK ya mashine

BASIC ya Microsoft, lugha ya kuandikia programu, kwenye kompyuta nyingi za mwanzo ilikungojea kwa neno "Ok": niko tayari, hakuna kosa. Kwenye Lisa, kompyuta ya Apple ya 1983, kitufe cha kukubali kilikuwa kimepangwa kuandikwa "Do It", lakini katika majaribio baadhi ya watu walikisoma "Dolt", mjinga, wakaudhika. Kikawa OK.

Uamuzi huo ulitatua tatizo moja na kuacha jingine. Dirisha linapouliza "Una uhakika unataka kughairi?" na vitufe ni OK na Ghairi, mtumiaji hajui kipi kinafanya nini. Dawa inajulikana: kitufe kiandikwe kitendo chenyewe, Futa, Hifadhi, Tuma, na OK ibaki kwenye matangazo yasiyo na uchaguzi.

Kwenye wavuti, seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa, hujibu kwa namba 200 OK pale ombi lilipotimizwa. Haina maana kwamba yaliyomo ni sahihi. Tovuti nyingi hutoa ukurasa wa "haikupatikana" huku zikituma 200, na programu ya ufuatiliaji inayosoma namba hiyo tu itaripoti uzima wakati wasomaji wanaona ukurasa mtupu. Anayefuatilia tovuti aangalie pia neno fulani ambalo lazima liwepo kwenye ukurasa.

Vidole na tahajia

Ishara ya kidole gumba na cha shahada kuunda duara ilikuwepo Ulaya kabla ya herufi za Boston, ikaungana nazo baadaye. Kwa wapiga mbizi ni swali na jibu kwa pamoja: mwenzako akikuonyesha duara, lazima urudishe duara. Usijibu kwa gumba lililoinuliwa, kwani chini ya maji hilo ni agizo la kupanda juu. Brazil duara hilo ni tusi. Na tangu mzaha wa 4chan, jukwaa la mtandaoni, wa 2017 uliodai kwamba ni ishara ya ubaguzi, wapo wabaguzi walioichukua kweli, hadi shirika la Anti-Defamation League, linalopambana na chuki, likaiingiza kwenye orodha yake ya alama za chuki mwaka 2019 likionya kwamba matumizi mengi bado ni ya kawaida.

Kuhusu tahajia, OK ndiyo umbo la asili na "okay" lilikuja baadaye ili lifanane na neno la kawaida. "Okeh" ya Wilson imebaki zaidi kwenye historia ya muziki, kwa kampuni ya Okeh Records ya 1918 iliyopewa herufi za mwanzilishi wake, Otto K. E. Heinemann. Mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press unataka OK, OK'd, OK'ing na OKs, bila "okay". Wahariri wa vitabu vya hadithi wengi hupendelea "okay" ndani ya mazungumzo, kwa sababu herufi kubwa mbili hurukia jicho. Chagua moja na uishike hadi mwisho wa andiko. Nukta za Greene hazihitajiki tena.